Msimu wa Kwao: Familia za Wamisionari wa Buha na Mwaka wa Likizo

Tarikhi ya misheni katika Buha, nchi ya Waha katika nyanda za juu za Kigoma, aghalabu huandikwa kwa kufuata kazi zilizoonekana kwa macho: kanisa lililojengwa, zahanati iliyofunguliwa, shule iliyoanza chini ya mti na hatimaye ikapata paa la bati. Lakini kila baada ya miaka michache, katika vituo vya Kasulu na Kibondo kama ilivyokuwa kwingineko katika Tanganyika, ilifika siku ambapo mmisionari na mkewe walifunga masanduku yao, wakakabidhi funguo, wakawapakia watoto garini na kuteremka hadi stesheni ya Kigoma, wakaenda kwao kwa muda uliokaribia mwaka mzima. Na habari za mwaka huo hupitwa vitabuni kwa sentensi moja tu, kwamba fulani alikwenda likizo. Kwa maoni yangu sentensi hiyo imefunika mambo mawili yasiyostahili kufunikwa, nayo ni gharama waliyoilipa wake na watoto wa wamisionari, na jina la yule aliyebaki na funguo.

Mlango wa Buha upande wa ziwa Tanganyika ni Ujiji, na habari yetu haina budi kuanzia huko. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone hapo mwaka 1871, alimsihi arudi naye Uingereza akapumzike na kuwaona wanawe, naye mzee yule akakataa, akaendelea kuzitafuta chemchemi za Nile mpaka mauti yalipomfika mwaka 1873. Waliomsifu kwa uthabiti huo ni wengi. Wachache hukumbuka kwamba karibu miaka ishirini kabla ya hapo mkewe, Mary Moffat, binti wa mmisionari aliyezaliwa Griquatown katika nchi ya Afrika Kusini, alipelekwa Uingereza pamoja na watoto wanne mwaka 1852 ili mumewe apate wasaa wa kusafiri, akakaa huko zaidi ya miaka minne akihama nyumba hii hadi ile, pasipo makazi yake mwenyewe, huku akikiomba chama cha mumewe fedha za kujikimu. Livingstone alipotokea mwishoni mwa mwaka 1856 taifa zima lilimgombania: hotuba huku, karamu kule, na kitabu kilichotolewa mwaka 1857 kikanunuliwa kama maji ya jangwani. Mary aliyasikia makofi hayo akiwa kando. Nchi ile iliyoitwa kwao ilikuwa kwao kwa mumewe; yeye alikuwa mgeni ndani yake, na hali hiyo ndiyo tutakayoikuta tena na tena kwa watoto waliolelewa Buha.

Aliyefuata Ujiji kwa niaba ya chama kile kile, London Missionary Society, alikuwa Edward Coode Hore, baharia kwa kazi yake, aliyewasili Agosti 1878 katika msafara uliowezeshwa na zawadi ya pauni 5,000 ya Robert Arthington, tajiri wa mji wa Leeds. Mwenzake J. B. Thomson alifariki mwezi uliofuata; Arthur Dodgshun, aliyecheleweshwa njiani na masaibu ya kila namna, aliingia Ujiji mwaka 1879 na kufa siku chache baadaye. Hore akabaki, akalizunguka ziwa, akaandika habari za makabila ya pwani zake, na akatoa ithibati kwamba mto Lukuga ndio unaoyatoa maji ya Tanganyika kwenda magharibi.

Alipofika Uingereza mwaka 1881 mtu angedhani kwamba atalala usingizi mwaka mzima. Msimu wake wa nyumbani ulikuwa kazi tupu. Alizungumza mbele ya wanajiografia wa London juu ya ziwa letu, akafuatilia ujenzi wa mashua ya chuma iliyoitwa Morning Star, iliyotengenezwa vipande vipande ili wapagazi waweze kuifikisha bara, na katikati ya shughuli hizo akamwoa Annie Boyle. Kisha akarudi Afrika na mashua yake. Annie, aliyekwisha kujaaliwa mtoto wa kiume, Jack, hakuweza kumfuata mara moja, kwa kuwa majaribio ya mwanzo ya kumsafirisha yalikwama. Na ndoa hiyo changa ikaishi kwa barua mpaka mwishoni mwa mwaka 1884, mama na mtoto walipoondoka pwani kuelekea Ujiji.

Safari hiyo imehifadhiwa katika kitabu alichokiandika Annie mwenyewe, kilichochapishwa mwaka 1886, nacho kina jambo ambalo msomaji hawezi kulisahau. Chombo alichosafiria kilikuwa kiti cha magurudumu cha aina waliyokuwa wakisukumwa wagonjwa na wazee katika miji ya Waingereza ya kupungia hewa. Mtu na atafakari kiti cha namna hiyo katika njia ya miguu ya nyayo moja, yenye visiki na vijito na mawe ya Usagara: wanaume wa pwani na wa Unyamwezi walikipandisha mabegani, mama akiwa amekaa na mtoto wa miaka miwili mapajani, nao wakakibeba kwa takriban siku 90, hata wakatua Ujiji mwezi Januari 1885. Jina la Annie Hore liko juu ya jalada. Majina ya mabega yale ni adimu.

Waliishi katika kisiwa cha Kavala, ambako Annie aliwafundisha wasichana, na Jack akakua akicheza mchangani na watoto wa ziwani. Mwaka 1888 afya iliwalazimisha kuondoka, na mwaka 1889 Jack, aliyenusurika homa za Tanganyika katika umri ambao watoto wengi wa Kizungu hawakunusurika, akafia London. Sijasoma katika habari za misheni zetu za magharibi jambo lenye uchungu kuliko hilo: mtoto aliyepelekwa nyumbani ili apone akazikwa nyumbani. Wazazi wake hawakutulia tena Uingereza. Chama kiliwatuma Australia kuhutubia makanisa, Hore akarejea baharini katika meli ya wamisionari wa visiwa vya Pasifiki, na mwisho wa yote akafariki Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, mwaka 1912.

Mapadre wa White Fathers, ambao nao walifika Ujiji mwaka 1879, walikuwa na shida zao, lakini shida hii ya familia haikuwa mojawapo, kwa kuwa hawakuwa na wake wala watoto. Wengi wao walitoka kwao wakijua kwamba huenda hawatapaona tena.

Kwa bahati, ambayo siipi maana kubwa kuliko inavyostahili, nchi alikozikwa Hore ndiyo iliyokuja kuwaleta wamisionari wa Kianglikana waliofanya kazi Kasulu na Kibondo. Mwaka 1927 George Alexander Chambers, kasisi wa mtaa wa Dulwich Hill mjini Sydney, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Tanganyika ya Kati, na tawi la Australia la chama cha Church Missionary Society (CMS) likaubeba mzigo ambao wenzao wa London walikuwa wamelemewa nao. Tangu hapo mapadre, wauguzi, walimu na waganga kutoka Sydney na Melbourne wakawa wakishuka katika gari moshi la reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na kupanda milima ya Buha hadi mahali ambapo barua ilifika ikiwa imekwisha zeeka.

Mtoto wa wamisionari hao aliyezaliwa Buha alijifunza kusema Kiha kwa yaya wake na Kiswahili kwa wapishi na wagonjwa, na kabla hajaota meno ya pili alikwisha kujua kumwamkia mzee kwa kupiga makofi polepole, magoti yamekunjwa, kama anavyotakiwa mtoto mwenye adabu. Akifika umri wa shule aliondolewa. Shule za bweni za watoto wa Kizungu zilikuwa mbali: Arusha, iliyofunguliwa mwaka 1934, Kongwa, iliyoishi katika majengo ya mradi wa karanga, na baada yake Iringa, mwaka 1959. Kutoka Kasulu hadi Kongwa ilikuwa safari ya barabara na reli ya siku kadhaa, hivyo mtoto aliwaona wazazi wake likizoni tu. Kwa hiyo mwaka wa wazazi kwenda Australia ulikuwa, kwa watoto wengi, mwaka pekee ambao baba, mama, kaka na dada walilala chini ya paa moja tangu Januari hadi Desemba. Na huo nao haukuwa wao.

Haukuwa wao kwa sababu baba alikuwa safarini. Chama kilimpangia makanisa ya kutembelea, mji baada ya mji, na Jumapili moja ilimkuta akihubiri asubuhi mahali pamoja, mchana pengine, na jioni pengine tena. Katika ukumbi wa parokia meza ilipambwa kwa vitu vilivyoletwa masandukuni, vikapu, vibuyu, ngoma ndogo, pengine na mkuki; akina mama wa parokia waliandaa keki na chai; taa zikazimwa, na ukutani zikatokea picha za vilima vya Kasulu, mama aliyembeba mwana mgongoni, mstari wa wagonjwa mbele ya zahanati. Baada ya picha watoto wa mmisionari wakasimamishwa mbele ya watu waimbe wimbo wa Kiswahili. Wasikilizaji waliguswa, wakatoa fedha, na fedha hizo ndizo zilizonunua dawa na bandeji zilizotumika huku. Jambo hilo ni la kushukuriwa na yeyote aliyetibiwa nazo. Hata hivyo lazima isemwe pia kwamba picha zilizochaguliwa zilikuwa zile zenye kuvuta huruma. Muha aliyeonekana ukutani kule Sydney alikuwa mgonjwa au mwanafunzi, na ni nadra kuonekana kama mwalimu aliyekuwa akiendesha kituo saa ile ile picha ilipokuwa ikitazamwa.

Mama naye alikuwa na vita vyake. Nyumba ilikuwa ya chama au ya kuazima, nguo za baridi zilikuwa za kupewa, posho ilikuwa ndogo, na daktari alikuwa akimpima kila mmoja wao ili aamue kama anafaa kurudi. Dukani alistaajabia bei, na shuleni watoto wake walichekwa kwa kutojua michezo wala nyimbo za wenzao. Usiku walizungumza Kiswahili wao kwa wao ili wasisikike. Wakiulizwa ni lini watarudi nyumbani, walijibu kwa kutaja mwezi wa meli ya kwenda Dar es Salaam.

Na pale stesheni ya Kigoma, siku ile ya kuondoka, familia hiyo haikuwa peke yake katika kuacha nyumba. Katika gari moshi lile lile, katika mabehewa ya daraja la tatu, walikuwamo vijana wa Kiha walioandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga, manamba waliosukumwa na kodi na uhaba wa fedha katika wilaya ambazo serikali ya kikoloni iliziacha ziwe ghala la vibarua. Nao walikuwa na msimu wao wa kurudi, mkataba ukiisha, na blanketi, na jembe, na kitenge cha mama. Nao waliwakuta watoto wasiowatambua. Hakuna aliyewapangia kumbi za kuhutubia. Sisemi hivi kwa kuyashusha machungu ya wageni wetu, maana machungu ya mtoto hayana rangi. Nasema kwa kuwa tarikhi iliyo sahihi hulihesabu gari moshi zima, tangu behewa la kwanza hadi la mwisho.

Sasa tuje kwa mwenye funguo. Maadamu mmisionari alikuwa hayupo kwa mwaka, na mara nyingi hakukuwa na Mzungu mwingine wa kushika nafasi yake, mtu fulani ilibidi awafundishe wakatekumeni, aongoze sala ya asubuhi, agawe kwinini, alipe mishahara ya walimu, asuluhishe magomvi ya ndoa, aandike majina ya waliozaliwa na waliokufa katika daftari la kanisa. Mtu huyo alikuwa mwinjilisti au mwalimu wa Kiha, pamoja na mkewe, ambaye hakutajwa katika orodha yoyote ya watumishi. Misimu hiyo ya likizo, ikijirudia kituo hiki na kile, ilikuwa chuo cha uongozi ambacho hakuna kamati iliyokianzisha. Mzungu aliporudi na kukuta watu wameongezeka na paa halivuji, alijua, akipenda asipende, kwamba kazi inaweza kuendelea bila yeye. Mwaka 1966 ilipoundwa dayosisi ya Tanganyika Magharibi na makao yake kuwekwa Kasulu, aliyekalia kiti cha askofu alikuwa Mwafrika, Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania. Wapo wanaouhesabu uteuzi huo kuwa tunda la uhuru wa 1961, na ni kweli kwamba upepo wa uhuru ulivuma. Lakini watu wa kumpokea na kufanya kazi chini yake walikwisha kuandaliwa zamani, katika miaka ile ambayo nyumba ya misheni ilikuwa imefungwa madirisha.

Wamisionari bado wapo Kasulu na Kibondo, wachache, na safari yao ya kwenda kwao sasa ni ya ndege, na likizo ni fupi, na watoto wao huonana na babu zao kwa simu. Hilo ni jema. Lakini barua za wale wa zamani zimetunzwa ughaibuni kwa uangalifu mkubwa, za London Missionary Society katika chuo cha SOAS mjini London, na za CMS ya Uingereza katika chuo kikuu cha Birmingham, ilhali daftari za wainjilisti wetu ziko katika masanduku ya mbao chini ya vitanda vya wajukuu, zikiliwa na mchwa na unyevu wa masika. Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kasulu, Kibondo, Kakonko au Buhigwe, kama babu yako alikuwa mwalimu wa dini, mpishi, muuguzi au dereva wa misheni, na kama nyumbani kuna daftari, picha au barua yoyote yenye jina lake, usiitupe wala usiichome. Ipeleke kwa kasisi wa mtaa wako au kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu, inakiliwe, kisha urudishiwe. Na wale wazee ambao wangali hai waulizwe mwaka huu, kabla ya mvua za vuli, ni nani aliyeshika funguo.