Mimbari na siasa nchini Kenya

MVUTANO kati ya makanisa ya Kikristo na serikali ya Kenya ulipamba moto mwaka wa 1986, chama cha KANU kilipopitisha kura ya mlolongo, ambapo wapigakura walipanga foleni nyuma ya wawaniaji au mawakala wao. Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) lilipinga. Hoja yake ilikuwa wazi: mchungaji akionekana hadharani nyuma ya mwaniaji mmoja, waumini wanaomuunga mkono mwingine watamsikilizaje Jumapili?

Enzi hizo wakosoaji wengi walikuwa kizuizini au uhamishoni, na mimbari ikawa mojawapo ya mahali pachache pa kusemea. Siku ya Mwaka Mpya 1990, Kasisi Timothy Njoya wa PCEA alihubiri kwamba kuporomoka kwa tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki kulikuwa funzo kwa Afrika. Agosti 14 mwaka huo, Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Kianglikana, Eldoret, alifariki katika ajali ya barabarani akitoka Busia. Siku chache awali, waziri Peter Okondo alikuwa amemwonya kwamba akikanyaga huko huenda asitoke akiwa hai. Okondo alijiuzulu.

Ajabu ni kwamba hoja ile ya mlolongo ilisahauliwa na wenyewe. Katika uchaguzi wa 2007, viongozi wa kidini waligawanyika kwa misingi ya kikabila. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa huku wakimbizi wakiwa ndani. Mwezi uliofuata NCCK iliomba taifa msamaha kwa kuegemea pande.

Maombi nayo yaligeuzwa jukwaa. Mwaka wa 2011, Uhuru Kenyatta na William Ruto walipokabiliwa na kesi The Hague, mikutano yao ya hadhara iliitwa ya maombi, ingawa baada ya "Amina" zilifuata siasa.

Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwapiga wanasiasa marufuku kuhutubu katika ibada za Kianglikana. Michango ya harambee ndiyo iliyobaki kuwa mtihani. Novemba 2024, Rais Ruto alitoa Sh2.6 milioni katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na kuahidi Sh3 milioni za nyumba ya padri. Siku iliyofuata, Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba pesa hizo zingerudishwa.