Dalali, Mthamini na Ulinzi wa Jina

Dalali na dalili ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuonyesha njia. Dalili imebaki na heshima yake. Dalali ameishia kushukiwa sokoni. Hata hivyo mahakama zetu hazikumtupa: dalali wa mahakama ni cheo, nacho kina kanuni zake za mwaka 2017.

Jina lililopata ulinzi mkali zaidi ni mthamini, litokanalo na thamani. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na asiyesajiliwa akifanya kazi hiyo anatenda kosa. Huku Shinyanga na Geita jina hilo si pambo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Shamba linapotwaliwa kwa ajili ya mgodi, hesabu ya mthamini ndiyo msingi wa kile atakachoondoka nacho mkulima.

Jirani zetu wa Kenya walimwekea sheria hata wakala wa nyumba na ardhi, mwaka 1984. Dalali wa viwanja wa Kahama au Katoro hujipa cheo mwenyewe, na siku hizi wengine hujiita “washauri wa ardhi”. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, humwamini zaidi yule anayekubali kuitwa dalali.