Blanketi la vipande vya kroshia
Ni kazi ya mkono, mashuhuri hasa Marekani, ambayo kila kipande chake cha mraba hufumwa peke yake kwa uzi na sindano ya kulabu, kwa nakshi isiyofanana na ya jirani yake, hata blanketi likitimia huwa ni daftari la maarifa ya mfumaji. Vipande 20 vya inchi 12, vikipangwa 4 kwa 5, hutoa inchi 48 kwa 60. Taabu yake ni vipimo: kwa kuwa mishono mirefu hulegea na mifupi hukaza, inafaa vipande viloweshwe, vinyooshwe na kubanwa kwa pini hadi vikauke, ndipo viunganishwe. Pindo la pande zote hufumwa mwisho.