Hati ya Shehena Haijadiliwi, Huhawilishwa

Mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo aliniletea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba wake na wakala wa usafirishaji, kwa Kiingereza. Ya pili ilikuwa tafsiri ya mkataba huohuo, aliyofanyiwa kwenye stesheneri ya jirani. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa ile tafsiri: mzigo utakabidhiwa kwa atakayewasilisha "hati ya mizigo inayojadilika".

"Mwanangu," akaniuliza, "hapa najadiliana na nani? Na wakala, na benki, au na wenye meli?"

Kontena lake la futi 20 lilikuwa limeshashushwa na kupelekwa bandari kavu, na gharama zilikuwa zinahesabika kila siku. Kwenye simu alikuwa na picha ya hati hiyo, BL, imepigwa vizuri, kila neno linasomeka. Aliamini picha ile, pamoja na maelewano kidogo, vingetosha kugomboa mzigo. Neno moja la tafsiri ndilo lililompa matumaini hayo.

Tuanze na hati yenyewe. Mzigo unapopakiwa melini, wenye meli au wakala wao hutoa hati. Mawakala wa Dar es Salaam na Mombasa huiita BL, herufi mbili tu, na hakuna mtu bandarini asiyewaelewa. Kwa maandishi imeitwa hati ya upakiaji, bili ya shehena, hati ya shehena. Mimi nashika hili la mwisho, kwa sababu shehena ni neno la baharini tangu enzi za majahazi, na kwa sababu "upakiaji" unataja tukio moja tu huku hati ikiwa na kazi tatu. Kwanza ni stakabadhi: wenye chombo wanakiri kupokea kontena lenye namba fulani na sili fulani. Pili ni ushahidi wa mkataba wa kusafirisha. Tatu, na hapa ndipo penye uzito, hati husimama mahali pa mzigo wenyewe. Aliyeishika ndiye mwenye haki ya kudai mzigo bandarini. Akiitoa kwa mwingine kwa utaratibu wake, ametoa mzigo, hata kama meli bado iko katikati ya Bahari ya Hindi.

Sifa hii ya tatu ndiyo Waingereza huiita "negotiable". Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo ni la kitu kinachoweza kujadiliwa: bei, mshahara, tarehe. Lakini mzizi wake ni Kilatini, negotium, yaani shughuli au biashara, na kwenye hati za biashara limebaki na maana yake kongwe: kitu kinachopita mkono kwa mkono, na haki zake zikipita nacho. Mjadala haumo. Thamani yote ya hati hii imo katika kukosekana kwa mjadala. Karani wa kampuni ya meli hamuulizi mama wa vitenge ameelewana vipi na muuzaji wa China. Anageuza karatasi, anasoma mgongoni, anaangalia kama saini zimefuatana bila kukatika, kisha anatoa ruhusa ya kuchukua kontena.

Desturi hiyo wafanyabiashara wa Uingereza waliipigania mahakamani. Katika kesi ya Lickbarrow na Mason, iliyoamuliwa kwa mara ya kwanza 1787 na kufika ukingoni 1794, ilikubaliwa kwamba hati ya shehena iliyoandikwa "kwa agizo" inahamisha mali ikisainiwa mgongoni na kukabidhiwa. Tangu hapo benki zikaweza kukopesha kwa dhamana ya mzigo ambao hakuna ofisa wao aliyeuona.

Kiswahili kina neno la jambo hili, na ni la wafanyabiashara tangu mwanzo: hawala. Katika fiqhi, hawala ni kuliondoa deni kwa mtu mmoja na kulipeleka kwa mwingine. Katika matumizi yetu tumekuwa na hawala ya fedha, ile inayobeba thamani kutoka mji mmoja hadi mwingine bila noti kusafiri. Humo tumepata kitenzi kuhawilisha, ambacho watu wa ardhi hukiandika kuhaulisha wanapozungumzia kiwanja kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Vijijini Tanzania kimefika kupitia mfuko wa TASAF, ambako malipo kwa kaya maskini huitwa uhawilishaji fedha. Basi istilahi ni hati ya shehena inayohawilishika. Ni ndefu kidogo, lakini haimpotezi mtu.

Wapo wanaopendelea "inayohamishika", na kwa masikio ni nyepesi zaidi. Tatizo ni kwamba sheria zetu zimeshalipa neno hilo kazi nyingine. Mali isiyohamishika ni ardhi na nyumba. Mali inayohamishika ni gari, ng'ombe, samani. Ukiandika "hati inayohamishika", msomaji makini atafikiri unamwambia karatasi inaweza kubebwa mfukoni.

Liko jambo jingine linalonifanya niipende kuhawilisha. Wanasheria wa Uingereza wenyewe hukumbusha kwamba hati ya shehena si sawa kabisa na hundi. Mtu aliyepokea hundi kwa nia njema anaweza kupata haki safi kuliko aliyokuwa nayo aliyempa. Anayepokea hati ya shehena, kwa kawaida, hupata haki ileile ya aliyemtangulia na si zaidi. Kwa maneno mengine, hati hii inahawilisha tu, haisafishi. Hapo Kiswahili kimekuwa sahihi kuliko lugha tunayoitafsiri.

Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji hata somo hili. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa 2005, na tangu msimu wa 2007/08 korosho zimeuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Magunia yanabaki ghalani, na haki iliyomo kwenye stakabadhi ndiyo inayouzwa mnadani. Hati ya shehena ni ndugu yake, tofauti ni kwamba ghala lake linaelea.

Si kila hati ya usafirishaji ina uwezo huu. Hati ya mzigo wa ndege haina. Hati ya lori na hati ya reli, kwa desturi, hazina. Zote hizo humtaja mpokeaji kwa jina na kumwelekeza msafirishaji ampe yeye, basi. Huwezi kuiuza hati ya ndege mzigo ukiwa angani. Kwa ndege haijaumiza mtu sana, maana safari ni ya saa chache. Kwa nchi kavu inaumiza, na Afrika ya Mashariki na Kati tunalijua hilo kuliko wengi.

Chukua shaba ya Katanga. Inatoka Lubumbashi kwa lori, inavuka Kasumbalesa, inapita Zambia hadi Tunduma, inashuka Dar es Salaam: karibu kilomita 2,000, na foleni za mipakani juu yake. Muda wote huo shaba ina hati ya lori tu. Hati ya shehena ya baharini huzaliwa pale mzigo unapopanda meli. Kwa hiyo mfanyabiashara ana mamilioni ya dola barabarani, na hana karatasi ya kumpelekea mwenye benki na kumwambia: shika hii, mzigo uko mikononi mwako. Ni hivyohivyo kwa bidhaa zinazopanda kutoka bandarini kwenda Kigali, Bujumbura, Goma au Kampala, zinapokatiwa hati mpya ya lori bandarini.

Mawakala wa usafirishaji waliliona pengo hili mapema. Shirikisho lao la dunia, FIATA, lililoanzishwa Vienna 1926, lina hati yake ya usafirishaji mseto, maarufu kwa herufi FBL. Wakala anayeitoa hubeba dhamana ya safari nzima, lori na meli na lori tena, na hati yake inahawilishika. Benki nyingi huipokea. Lakini nguvu yake imesimama juu ya mkataba na mazoea, na inategemea mahakama ya nchi husika itasemaje.

Ndiyo sababu nauona mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa kuwa jambo letu. China ilileta hoja mwaka 2019 mbele ya UNCITRAL, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, ikisukumwa na treni zake za mizigo ziendazo Ulaya, ambazo hati zake hazihawilishiki. Mwishoni mwa 2025 Baraza Kuu likapitisha mkataba wa hati za shehena zinazohawilishika. Chini yake hati moja inaweza kutolewa kwa mzigo wa reli, lori, ndege au meli, na kwa njia hizo zikichanganywa, na inaweza kuwa ya karatasi au ya kielektroniki. Hauzigusi sheria zilizopo za nani analipa mzigo ukiharibika.

Hapo kwenye "kielektroniki" ndipo tafsiri mbovu ya pili inapotusubiri. Watu wengi wakisikia hati za kidijitali huwaza picha ya simu au faili la PDF. Mama wa vitenge alikuwa nayo picha. Alikuwa nayo muuzaji pia, na wakala, na dereva, na yeyote waliyemtumia. Kitu kinachoweza kuwa mikononi mwa watu watano kwa wakati mmoja hakiwezi kusimama mahali pa kontena moja. Hata hati ya karatasi, inayotolewa kwa nakala tatu halisi, imeandikwa juu yake kwamba moja ikishatumika kupokelea mzigo, zilizobaki hazina nguvu.

Wala "teleksi" si dawa, ingawa mawakala wetu huitumia kila siku na jina limeishi kuliko mashine yenyewe. Muuzaji hurudisha nakala halisi kwa kampuni ya meli kule kule zilikotolewa, na ofisi ya Dar es Salaam hupata ujumbe: toeni mzigo bila karatasi. Inaokoa siku za kusubiri kifurushi cha posta. Lakini hati ile imekwisha kabla haijasafiri, na haiwezi tena kuwekwa rehani wala kuhawilishwa kwa mtu.

Hati ya kielektroniki ya kweli ni ile ambayo mfumo unahakikisha iko moja tu, mwenye kuitawala ni mmoja tu, na akishaihawilisha, yeye mwenyewe hana tena uwezo juu yake. Sheria ya mfano ya UNCITRAL ya 2017 imejengwa juu ya wazo hilo. Bahrain ilikuwa ya kwanza kuifuata, 2018. Singapore ikafuata 2021. Uingereza, ambayo sheria yake hutawala sehemu kubwa ya hati za shehena duniani, ilikwama kwa muda mrefu kwa sababu mahakama zake zilishikilia kwamba kisichoshikika kwa mkono hakiwezi kuwa mikononi mwa mtu. Ilihitajika sheria ya Bunge, iliyoanza kutumika Septemba 20, 2023, kusema kwamba hati ya kielektroniki inayotimiza masharti inaweza kushikwa.

Angalieni neno hilo: kushikwa. Nimeona tafsiri zikiandika "umiliki" hapo, na ni kosa zito. Benki inayoshika hati ya mama wa vitenge haimiliki vitenge. Imeishika hati mpaka alipe. Mmiliki ni mwenye mali, mshika hati ni mwenye hati. Na kwa upande wa mfumo wa kompyuta, tuseme "udhibiti wa pekee": uwezo ambao mtu mmoja anao na wengine wote hawana.

Teknolojia haikuwa kikwazo kikubwa. Mfumo wa Bolero ulianza kutoa hati za kielektroniki tangu 1999. TradeLens, ya Maersk na IBM, ilizinduliwa 2018 na tangazo la kufungwa likatoka 2022, kwa kukosa ushirikiano wa kutosha wa sekta nzima. Sasa kampuni kubwa za makontena zimeahidi kwamba hati zao zote zitakuwa za kielektroniki ifikapo 2030. Ahadi hiyo itafika Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, tukiwa tumejiandaa au hatujajiandaa.

Tanzania ilibadili sheria 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria zinaendelea kutafsiriwa. Siku zitakapofikiwa hizi za hati za shehena, mtafsiri atakuwa peke yake na kamusi, na kamusi itampa "kujadili" kama maana ya kwanza. Namwomba asiandike hivyo. Hakimu wa Kisutu atakayesoma "hati inayojadilika" hatakuwa na njia ya kujua kwamba aliyeshika karatasi ndiye wa kupewa kontena.

Yule mama nilimwonyesha kisanduku cha mpokeaji kwenye picha yake. Palikuwa na jina la benki, likitanguliwa na maneno "kwa agizo la". Akaenda benki, akamalizia deni la muuzaji, wakamsainia mgongoni na kumpa nakala halisi. Kontena lilitoka baada ya siku mbili, na gharama za bandari kavu alizilipa zote. Nawe ukitumiwa picha ya BL, anza na kisanduku hicho. Ukikuta "kwa agizo la", ujue ipo nakala halisi mahali fulani, na mzigo utamfuata aliyeishika.