Nyantende: kwa nini ordinateri inarudia kosa lile lile la diski

Katika sekretariati za kuchapa kando ya barabara inayotoka Bukavu kupitia Panzi hadi Nyantende, maandishi meupe kwenye kioo cheusi yanajulikana na wengi. Umeme ukikatika na kurudi, ordinateri inawaka, kisha inataka kukagua diski. Asilimia zinapanda polepole, na mwanafunzi mwenye kazi yake ya mwisho wa masomo anasubiri nyuma ya mchapaji. Mwishowe kazi inafunguka. Wiki inayofuata, kosa ni lile lile, na wako wanaosema ni virusi.

Diski ngumu ya kwanza ilitolewa na IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa sentimita 61, mtambo mzima ulizidi uzito wa tani moja, na ulibeba herufi milioni 5 tu. Tangu siku hizo kanuni haijabadilika: sahani inazunguka, na kichwa kidogo cha kusoma kinaelea juu yake bila kuigusa. Kikigusa, kinakwangua.

Ndiyo maana miaka ya 1980 mwenye ordinateri ya mezani alipaswa kutoa amri ya kuegesha kichwa kabla ya kuzima. Diski za baadaye zinajiegesha zenyewe: umeme ukipotea, nguvu ya sahani ambazo bado zinazunguka inatumika kurudisha kichwa mahali pake. Waliobuni hilo waliwafikiria watu kama sisi, hata kama hawakuijua Bukavu!

Lakini kichwa kuwa salama si sawa na maandishi kuwa salama. Programu ya CHKDSK, iliyokuja na ordinateri ya IBM ya mwaka 1981, inakagua kwanza daftari la diski, yaani orodha ya faili gani iko wapi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, daftari linabaki na mistari isiyokamilika. Mwaka 1993 Windows NT ilileta mfumo wa NTFS, ambao unaandika pembeni kila badiliko la daftari kabla ya kulifanya. Daftari linapona, ukurasa ambao mchapaji hakuuhifadhi haurudi.

Na umeme wetu tunaujua. Bwawa la Ruzizi ya Kwanza ni la mwisho wa enzi za Wabelgiji, na la Ruzizi ya Pili, kule Mumosho, lilianza kazi mwaka 1989. Taka za plastiki zinazoletwa na maji ya ziwa Kivu zimeziba mitambo ya Ruzizi ya Kwanza mara nyingi, na mji ukabaki gizani. Juu ya hayo kuna radi. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa 2016 uliweka eneo la karibu na Kabare nafasi ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa radi zaidi ya 205 kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Kwa hiyo kosa linalokuja baada ya kila kukatika kwa umeme kwa kawaida linadai onduleri yenye betri nzima. Kubadilisha Windows ni kupoteza pesa. Kosa linalokuja hata siku ambayo umeme haukukatika, pamoja na mlio wa tik-tik au faili kuchelewa kufunguka, ni jambo jingine: sahani yenyewe inachakaa. Tangu miaka ya 1990 diski zinahesabu zenyewe sehemu zilizoharibika, katika orodha iitwayo SMART, na programu za bure zinaisoma. Hesabu hiyo ikizidi kupanda, diski inakufa.

Hapo ndipo mafundi wengi wanakosea. Wanaanzisha ukaguzi kamili, ambao unasoma sahani yote kwa saa nyingi na unaweza kuimaliza diski iliyochoka. Kazi za wanafunzi, orodha za shule na vyeti vya familia vinakiliwe kwanza kwenye diski nyingine, ukaguzi ufuate baadaye.