Stima Imepotea Membley na Klayanti Anangoja? Hizi Njia za Mkato za VS Code Zitakusave

Uko bedsitter Membley, saa tano usiku, klayanti anataka websaiti asubuhi, stima imepotea na laptopu imebaki asilimia 18. Msee, huu si wakati wa kuburuta mausi ukitafuta faili.

VS Code, ile programu ya bure ya Microsoft iliyotoka 2015, imejaa njia za mkato za kibodi. Wengi wetu huziruka juu tulijifunza kukodi kwa YouTube tukifuata mausi ya mwalimu. Mimi niliacha chuo katikati, na hakuna mtu alikuwa amenishow hizi vitu.

Anza na Ctrl+P. Andika herufi chache za jina la faili, piga Enter, uko ndani. Ukizoea, ficha ile orodha ya kushoto na Ctrl+B ndio skrini ipumue.

Sasa, ile moto kabisa ni Ctrl+D. Weka kasa kwa neno, bonyeza, linachaguliwa. Bonyeza tena, lingine kama hilo linaingia. Ukifika unapotaka, andika mara moja na zote zinabadilika pamoja. Ctrl+Shift+L inabeba zote kwa mpigo, na hapo ndipo watu huchomeka. Kuna siku nilichagua "id" nikaibadilisha kuwa "namba". Kumbe ndani ya "width" kuna "id"! Ikawa "wnambath", ukurasa wote ukapinda, na nilikuwa nishamtumia klayanti linki. Pesa yangu ililala siku mbili. Kama ni jina la kigezo kwa JavaScript, tumia F2: inabadilisha hicho kigezo tu, hata kwa faili zingine, bila kuguza maneno ya watu.

Alt na mshale wa juu ama chini inahamisha mstari. Ctrl+/ inauzima bila kuufuta. Kwa Mac, mara nyingi Cmd ndio hushika nafasi ya Ctrl. Na kama tachipadi ya ile ex-UK yako ilikufa kitambo, sasa unajua haikuwa na maana sana.

Kabla hiyo asilimia 18 iishe, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "auto save", piga Enter. Kuanzia hapo kodi inajihifadhi yenyewe. Zingine zote ziko ukishikilia Ctrl, ubonyeze K halafu S, na ukiona moja inakusumbua vidole, badilisha hapo hapo.