hataza

nm [i-/zi-] Haki ya kipekee ambayo dola humpa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Tanzania Bara hutolewa na BRELA, kwa sheria ya 1987.

Matumizi: Hataza huombwa, huchunguzwa, kisha hutolewa au hukataliwa. Hupimwa mambo matatu: upya, hatua ya uvumbuzi na kufaa viwandani.

Mfano: Fundi wa Ngonga, Kyela, aliombea hataza kishikio cha kebo chenye meno yanayoruhusu kukaza na kuzuia kulegea.

Tahadhari: Hataza si hakimiliki. Hakimiliki hulinda mchoro wa kishikio, si utendaji wake. Mfasiri akizichanganya, mvumbuzi aweza kudhani amekwisha kulindwa, akakionyesha kifaa hadharani kabla ya kuomba, na upya ukapotea.